Gari la Viti Viwili

Wahenga waliposema kwamba jifya moja haliinjiki chungu, hawakuwa na gereji wala spana. Walikuwa na moto, chungu na mawe, na waliona kwa macho yao kwamba jiwe moja, hata liwe kubwa na gumu namna gani, litakimwaga chungu na moto utazimika. Maana yake inajulikana hata na watoto wa chekechea: mtu peke yake hawezi yote, sharti ashikwe mkono. Ila kuijua methali si kazi. Kazi ni kukubali kwamba inakusema wewe. Mwalimu Mokua aliijua tangu utotoni, na bado ilibidi gari limfunze upya.

Mokua alikuwa Mkisii aliyehamia Migori akiwa kijana, akafundisha ufundi wa vyuma katika chuo kimoja cha hapo mjini mpaka nywele zikaingia mvi. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe au wakajenga nyumba za kupangisha. Yeye aliagiza gari. Tena si gari zima, bali gari la kuunga mwenyewe, lililofika kutoka Afrika Kusini likiwa vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao: fremu ya chuma, bodi nyekundu ya faiba, taa, vioo na mifuko ya bolti. Injini, gia na magurudumu angevitoa katika Toyota yake kuukuu iliyokuwa imechoka kama punda wa maji. Likikamilika, lingekuwa gari dogo, la chini, lisilo na paa, lenye viti viwili tu. Kimoja kilikuwa chake, na cha pili cha mkewe Nyanchama.

Nyanchama alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Arasa, wazee wenzako wananunua ng'ombe, wewe unanunua toi!" Hata hivyo alikubali, na akapanga yeye mwenyewe safari ya kwanza. Wangeenda Homa Bay kula samaki kando ya ziwa, naye angeketi kushoto na chupa ya chai mapajani. Masanduku hayakuwahi kufunguliwa akiwa hai. Nyanchama aliugua ghafla, na kabla ya mvua za masika kwisha alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudi makwao. Ndivyo matanga yalivyo na hakuna wa kulaumiwa. Jirani yake Wesley ndiye aliyerudi. Wesley alikuwa Mjaluo, dereva wa lori la omena kutoka Muhuru Bay, mtu wa mzaha mwingi na moyo mweupe. Alifika akiwa amevaa ovaroli.

"Japuonj," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "nimekuja tufungue hizo sanduku. Kazi ya gari si ya mtu moja."

"Nikikuhitaji nitakuita," Mokua alimjibu, akauvuta mlango wa gereji.

Hakumwita. Wesley alirudi tena, akajibiwa vivyo hivyo, akachoka. Pale mtaani walisema ni kiburi. Kiburi kilikuwepo na sitaki kumtetea, lakini chini ya kiburi kulikuwa na huzuni. Mokua aliona kwamba kumpa mtu mwingine spana ni kuitoa nafasi ya Nyanchama, na nafasi hiyo hakutaka kumpa mtu yeyote duniani.

Hata hivyo hakuwa peke yake bomani. Upande wa chini, ng'ambo ya uwanja wa nyasi, aliishi Bochaberi, mke wa Arasa, mwanawe wa pekee. Arasa alikwenda Qatar kulinda maghala mara tu baada ya arusi, na simu zake zilikuwa zimeanza kuadimika. Basi boma zima likabaki na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na kati yao kitu ambacho Wakisii hukiita chinsoni.

Chinsoni ni haya na heshima baina ya mkwe na mkwe. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe, hampi mkono wala haketi naye bega kwa bega. Naye mke wa mwana hupita mbali akiwa ameinamisha macho. Ni desturi njema nyumba ikijaa watu, kwa kuwa wapo mama mkwe, mawifi na watoto wa kupeleka maneno huku na huku. Nyumba ikibaki na wawili tu, desturi hiyo hugeuka ukuta. Kila jioni Bochaberi aliweka chakula kwenye meza ya barazani, akagonga sufuria kwa kijiko.

"Tata, chakula," angesema, akimwita baba kwa Kikisii.

"Asante, mwanangu."

Maneno hayo manne ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya kutwa nzima.

Mokua akajifungia na masanduku yake. Mpweke hujifunza ujanja. Alipohitaji mtu wa kushikilia, alifunga kamba. Alipohitaji mtu wa kusukuma, alitumia jeki. Injini aliinyanyua kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, akaisogeza fremu chini yake, akapanda kuishusha kidogo, akashuka kutazama, akapanda tena. Kazi ambayo watu wawili wangeimaliza kabla ya chai ya saa nne ilimla siku nzima. Bolti zilizotaka spana mbili alizikaza kwa kuibana spana moja na goti. Lakini aliweza, na kila alipoweza, kichwa chake kilizidi kuvimba.

Wakati mwingine alijisahau. Angekuwa amelala chini ya fremu, macho kwenye nati, akasema, "Nipe namba kumi na tatu," akanyoosha mkono pembeni. Mkono ungekaa hewani. Hapo upweke ulimuuma mpaka akafumba macho, kisha akajikokota kutoka chini akaitafute spana mwenyewe.

Hatimaye zikabaki breki. Breki hufanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya vibomba, na hewa ikiingia humo, hata kidogo, mguu hukanyaga hewa na gari halisimami. Kuitoa hewa hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi ndani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine huinama kwenye gurudumu, akalegeza kinati, hewa ikatoka ikibubujika, akakaza, ndipo yule wa ndani huachilia. Mokua alikuwa amewafundisha vijana wengi kazi hiyo, wawili wawili.

Sasa alikata fito. Alikanyaga pedali, akaitegemeza kwa fito hiyo dhidi ya kiti, akatoka mbio kwenda gurudumuni. Alipolegeza kinati, mafuta yalitoka, pedali ikashuka, fito ikaanguka, pedali ikarudi juu na hewa ikavutwa tena ndani. Akarudia. Akajaribu kwa mpira na chupa. Mwishowe pedali ikawa ngumu kidogo, naye akajiambia inatosha. Mwalimu aliyewahi kuwaangusha wanafunzi kwa kosa dogo kuliko hilo alijipa alama zote.

Alikuwa bado anafuta mikono wakati Milka, mkewe Wesley, aliposimama mlangoni mwa gereji. Kwa chinsoni, Bochaberi hangeweza kuja mwenyewe na neno zito.

"Mwalimu, nimetumwa," Milka alisema. "Bochaberi anataka kwenda Homa Bay. Shangazi yake anafungua hoteli ya samaki huko na anataka msaidizi. Akikubali, ataenda mwisho wa mwezi ujao."

"Amekosa nini hapa?"

"Hakuna kitu amekosa. Chakula iko. Watu ndio hakuna." Milka akashusha sauti. "Anasema siku hizi anaongea na kuku. Mwalimu, yeye bado hajamjibu shangazi. Sema tu unataka akae, atakaa. Hiyo ndiyo anangoja kusikia."

Neno hilo lilimjia Mokua mpaka ncha ya ulimi. Alitaka kusema kwamba akiondoka huyu, hakutakuwa na sauti nyingine katika boma lile isipokuwa ya mvua kwenye mabati. Alitaka kusema kwamba sauti ya kijiko kwenye sufuria ndiyo iliyomfanya ajue kuwa jioni imefika. Badala yake aliiangalia spana yake.

"Aende," alisema. "Mimi najitosheleza."

Milka alimtazama kwa huruma, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi Mokua alikwenda kanisani, kwani ni Msabato na siku hiyo hagusi spana. Jumapili asubuhi aliifungua milango ya gereji, akaingia ndani ya gari lake jekundu na kuliwasha. Injini iliitika mara moja. Moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa na mtu wa kuigawia, na furaha ya namna hiyo hugeuka kishindo. Akakanyaga mafuta lingurume, ili boma zima, na hasa nyumba ya chini, ijue kwamba mzee amemaliza peke yake. Kisha akalitoa nje.

Uwanja ule ulikuwa na mteremko. Gari liliteleza kwenye nyasi zenye umande, Mokua akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni kama mtu aliyekanyaga godoro. Akakanyaga tena, na tena, na gari halikumjali. Breki ya mkono ilikuwa bado haijaungwa waya. Mbele yake lilikuwa jiko la Bochaberi, kibanda cha udongo na mabati, na moshi ulikuwa ukitoka. Mokua alipiga ukelele.

Gari lilitoboa ukuta, likaingiza pua yote jikoni, likazimika. Vumbi lilipotua, alisikia uji ukichuruzika juu ya makaa.

Aliruka nje, akakimbilia mlango wa jiko, na mguu ukamgomea kizingitini. Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga pale. Gari lake lilikuwa ndani, yeye nje, na huenda mtoto wa watu alikuwa chini ya magurudumu, naye amesimama akipigana na mguu wake mwenyewe.

"Bochaberi!" aliita. "Bochaberi, mwanangu!"

"Niko hapa, Tata."

Sauti ilitoka nyuma yake. Bochaberi alikuwa amesimama kwenye shamba la mboga, konzi ya chinsaga mkononi, mdomo wazi. Alikuwa ametoka jikoni kuchuma mboga za mchana, uji ukiwa motoni. Mokua aliketi chini kwenye nyasi, akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokuwa amekikataa tangu siku ya mazishi, wala hakujali nani anamwona. Bochaberi hakumsogelea, maana haikuwa halali, lakini pia hakuenda. Alisimama pale pale na mboga zake mpaka mzee akanyamaza.

Kulitoa gari kulihitaji mtu wa kusukuma kutoka ndani ya jiko na mtu wa kuvuta kwa nje. Hapakuwa na la kujadili. Bochaberi aliingia ndani, Mokua akafunga kamba nyuma ya gari na kuizungusha kwenye nguzo ya ua, wakahesabu pamoja, gari likarudi inchi kwa inchi. Lilipotoka, Bochaberi alisema akiwa bado ndani, asionekane:

"Tata, Wesley alisema hizo breki zinataka watu wawili. Mguu wa kukanyaga mimi ninao."

Mokua aliikunja kamba. "Na chinsoni?"

"Wewe utakuwa chini kwa gurudumu, mimi nitakuwa ndani. Gari itakuwa katikati yetu. Hutaniona, na mimi sitakuona."

Alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Siku iliyofuata, gari lilipokwisha kurudishwa gerejini kwa jeki na kamba, Bochaberi aliingia na kuketi nyuma ya usukani, leso mabegani, macho mbele. Mokua alikuwa tayari amelala kwenye gurudumu la nyuma.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo." Kinati kikalegea, mapovu yakatoka. Akakaza. "Achilia. Kanyaga tena."

Waliendelea hivyo gurudumu la kwanza lote. Walipofika la pili, Mokua aligundua kwamba tangu Nyanchama afe hakuwa amesikia sauti ya mtu kwa muda mrefu hivyo. Kwa kuwa hawakuonana, ulimi wake ulilegea kabla hajaweza kuuzuia.

"Milka alinifikishia neno lako," alisema. "Nilijibu kwamba najitosheleza. Nilidanganya. Nyumba hii imenishinda, mwanangu. Naamka asubuhi sina mtu wa kumwambia kumekucha."

Kutoka juu Bochaberi akasema, "Hata mimi, Tata. Arasa akipiga simu anauliza kama mvua imenyesha. Nikisema imenyesha, simu imekwisha."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Basi usiende."

Bochaberi alipojibu, sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Nilingoja useme hivyo, Tata. Milka aliporudi na jibu lako, nilimpigia shangazi nikamwambia nakuja. Ameshawakataa wasichana wengine kwa sababu yangu. Siwezi kuvunja ahadi yangu. Ungesema siku ile ningekaa."

Mokua alibana kinati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alikuwa amekuja kumkalia kifuani akiwa chali kwenye sakafu ya saruji. Aliomba radhi, Bochaberi akasema hakuna neno, na wote wawili walijua kwamba neno lipo. Walipomaliza gurudumu la nne, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Nitakupeleka mwenyewe Homa Bay," Mokua alisema.

"Viti ni viwili, Tata."

Kweli vilikuwa viwili, vimebanana bega kwa bega, kama vilivyochorwa kwa ajili ya mtu na mkewe. Mokua alitazama kazi ya mikono yake na kuona kwamba ameunda gari ambalo mtu pekee aliyemsaidia hawezi kulipanda. Alivua ovaroli, akapiga moyo konde, akatembea mpaka kwa Wesley. Ni hatua chache tu, lakini alizipiga kama mtu anayepanda mlima.

"Wesley, nimekuja kukuita."

Wesley alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Omera, ndugu yangu, mimi nilifikiri ulisahau jina langu." Kisha akacheka, akaenda kuchukua ovaroli yake.

Faiba haikatwi na mtu mmoja, hutetemeka ikapasuka. Wesley alishika, Mokua akakata kifuniko cha nyuma, wakachomelea fremu ya kiti cha tatu kinachotazama kule gari linakotoka. Atakayeketi hapo atampa dereva mgongo, na dereva atampa yeye mgongo, na chinsoni itabaki salama katikati yao. Bochaberi alishona foronya ya kiti hicho nyumbani kwake, Milka akaileta. Ukuta wa jiko uliwachukua wote wanne alasiri moja. Nyufa za pua ya gari zikazibwa, breki ya mkono ikaungwa waya, gari likakaguliwa, likapewa namba, na mwezi ukaisha upesi kuliko Mokua alivyotaka.

Asubuhi ya safari, Wesley alizunguka upande wa kushoto, akasimama bila kufungua mlango. Alijua kiti kile kilikuwa cha nani. Mokua alikipangusa umande kwa kiganja.

"Keti," alisema. "Angependa kiketiwe."

Walipita Rongo, watoto wakikimbia kando ya barabara wakimshangilia mama aliyeketi kinyumenyume. Bochaberi aliwapungia mkono. Walipofika Rodi Kopany na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, Mokua alikanyaga breki, na gari likatii. Alikanyaga katika kila kona, pengine hata pasipohitajika, na kila mara pedali ilimjibu sawasawa. Walizungumza njia nzima, wakipaza sauti kushinda upepo, yeye akitazama mbele na Bochaberi akitazama nyuma.

Hotelini kwa shangazi, Wesley alishusha mzigo. Mkono haukupeanwa. Bochaberi alisimama kando ya mlango, macho chini, akichezea pindo la leso yake.

"Tata," alisema, "hizo breki zitataka kutolewa hewa tena?"

Mokua alijua fika, kama mwalimu wa ufundi, kwamba breki zilizotolewa hewa vizuri hukaa hata mwaka na zaidi. Wesley, dereva wa lori, alilijua hilo pia, akageuza uso akalitazama ziwa.

"Kila mwezi, mwanangu," Mokua alisema. "Na mguu wa Wesley ni mzito mno kwa kazi hiyo."

"Basi nitakuja kila mwezi."

Jioni ile hakuna aliyegonga sufuria katika boma la Mokua. Alijipikia ugali, ukaungua chini na kubaki mbichi juu, akaula hivyo hivyo barazani akiitazama nyumba ya chini iliyofungwa. Alikuwa mpweke, na safari hii hakujificha kwamba ni mpweke. Alipomaliza alivuka kwenda kwa Wesley na Milka kuwaomba chai, na Milka alipomuuliza ni nini kilichomtoa kwake, aliwajibu kama mwanafunzi aliyelielewa somo baada ya kengele kulia: jifya moja haliinjiki chungu.